Hisa za marehemu katika kampuni binafsi: kuingia, kuuza, au kumwachia msimamizi?

Marehemu alikuwa na hisa 3,000 kati ya 10,000 katika kampuni ya usafirishaji aliyoianzisha na wenzake wawili. Mahakama imemteua mjane wake kuwa msimamizi wa mirathi. Anakwenda ofisini na hati yake yenye muhuri. Mbia wa mumewe anampokea kwa heshima zote, anamwagizia chai, kisha anamwambia: "Shemeji, haya mambo ya kampuni tuachie sisi. Gawio likitoka tutakuita."

Mfano huu nimeutunga, lakini aliyewahi kushughulikia mirathi yenye kampuni ndani yake ameisikia kauli hiyo kwa namna moja au nyingine. Huenda ni ya upendo, huenda ndiyo mwanzo wa kusahauliwa. Hutajua mpaka usome katiba ya kampuni, yaani kanuni zake za ndani, na hapo ndipo familia nyingi zinapochelewa. Zinagombana miezi na miezi nani awe msimamizi, nani apewe shamba na nani nyumba, huku karatasi inayoamua thamani ya hisa ikiwa imekaa kwenye jalada la BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, bila mtu kuomba nakala.

Mahakama inampa mrithi mali iliyomo ndani ya hisa. Kiti ndani ya kampuni kinatolewa na katiba. Ukilishika hilo, njia tatu zilizo mbele ya warithi zinaonekana vizuri: kuandikishwa kuwa wanahisa, kuwauzia wanahisa waliobaki, au kuziacha hisa kwa msimamizi kwa muda. Nitazilinganisha kwa mfano huo huo wa hisa 3,000, kwa sheria za Tanzania na Kenya.

Kizuizi kinatoka wapi

Sheria ya Makampuni ya Tanzania, Na. 12 ya 2002, iliyoanza kutumika 2006, inaitambua kampuni kuwa binafsi pale katiba yake inapofanya mambo matatu: inaweka kizuizi kwenye uhamishaji wa hisa, inawawekea wanahisa kikomo cha watu 50 bila kuhesabu wafanyakazi, na inakataza kuualika umma kununua hisa. Sheria ya Kenya ya 2015 ina masharti yale yale. Kwa hiyo mbia anayekwambia "hisa hizi haziuzwi kwa mtu wa nje" pengine anasema kweli tupu. Kila kampuni binafsi ina kizuizi. Kinachotofautiana ni ukali wake, na ukali huo umeandikwa katika aya mbili tatu ambazo waanzilishi walizisaini bila kuzisoma, kwa sababu siku ile walikuwa wanakimbilia kufungua akaunti ya benki.

Kuhamisha hisa ni tendo la mtu aliye hai: anajaza hati ya kuhamisha, anasaini, mnunuzi anasaini, bodi inaidhinisha, jina linabadilishwa kwenye daftari la wanahisa. Kifo hakina saini. Hisa hupita kwa msimamizi kwa nguvu ya sheria, na bodi haiwezi kulizuia hilo. Lakini kupita huko hakumfanyi kuwa mwanahisa. Anaingia katika hali ya kati, na katiba nyingi za Afrika Mashariki zimeinakili hali hiyo kutoka kwenye kielelezo cha zamani cha Kiingereza kiitwacho Jedwali A. Msimamizi anastahili gawio, ila hapigi kura wala hahudhurii mkutano mkuu kama mwanahisa. Anaweza kuomba aandikwe yeye mwenyewe au aandikwe mtu anayemteua. Bodi nayo inabaki na haki ile ile ya kukataa ambayo ingekuwa nayo kama marehemu angetaka kuhamisha hisa zake akiwa hai.

Kuna kipengele kingine kwenye kielelezo hicho cha kukitafuta kwa macho mawili: bodi inaweza kumpa msimamizi notisi achague, ama aandikishwe ama ahamishe, na zikipita siku 90 bila jibu inaweza kuzuia gawio. Barua ya namna hiyo ikitumwa kwenye sanduku la posta la marehemu ambalo hakuna aliyelifungua tangu msiba, siku zinahesabika tu. Kwa hiyo barua ya kwanza ya msimamizi kwa kampuni iwe na nakala ya hati ya mahakama pamoja na anwani mpya.

Kesi ya Fawcett, ambayo bado ina nguvu huku kwetu

Wanasheria wa nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza huifahamu kesi ya Smith na Fawcett, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1942. Kampuni ilikuwa na wakurugenzi wawili, Smith na Fawcett, ambao ndio waliokuwa wanahisa pekee, kila mmoja na hisa 4,001. Fawcett akafariki. Mwanawe, aliyekuwa msimamizi wa wosia, akaomba aandikishwe. Katiba ilisema wakurugenzi wanaweza kukataa kwa hiari yao kamili isiyoingiliwa. Smith akamwingiza mkurugenzi mwingine kwenye bodi, kisha akakataa, lakini akatoa ofa: ataandikisha hisa 2,001 iwapo 2,000 zilizobaki atauziwa yeye kwa bei aliyoitaja.

Piga hesabu uone alichokuwa anaomba. Familia iliyokuwa na nusu kamili ya kampuni ingebaki na robo, na Smith angekuwa na robo tatu. Mahakama haikumwingilia. Jaji Greene alieleza kwamba wakurugenzi wanapaswa kutumia mamlaka hayo kwa nia njema, kwa kile wanachoamini wao kuwa ni maslahi ya kampuni, wala si kile ambacho mahakama ingeona. Na kuthibitisha nia mbaya ilikuwa juu ya mtoto wa marehemu.

Uingereza yenyewe imelegeza ukali huo. Sheria yao ya 2006 inawataka wakurugenzi wanaokataa watoe sababu ndani ya miezi miwili. Lakini maneno "kwa hiari yao kamili" bado yamejaa kwenye katiba za kampuni za Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa, kwa sababu watu wanachukua kielelezo cha rafiki na kubadilisha jina. Ukiyaona kwenye katiba ya kampuni ya marehemu, jua kwamba njia ya kwanza kati ya tatu haiko wazi kama ulivyodhani, na jambo lolote mtakalokubaliana na bodi liwe kwa maandishi, likiwemo jibu la kukataa na sababu zake.

Njia ya kwanza: kuandikishwa kuwa wanahisa

Faida yake kubwa ni nguvu ya asilimia 30, na wengi hawaijui. Azimio maalumu, kama lile la kubadilisha katiba, linahitaji robo tatu ya kura. Mwenye zaidi ya robo ya kura zote anaweza kulizuia. Hisa 3,000 kati ya 10,000 zinatosha. Mwanahisa pia anapata hesabu za mwaka, anaitwa kwenye mkutano mkuu, anauliza maswali mbele ya mkaguzi.

Nguvu hiyo inayeyuka hisa zikigawanywa na warithi wakaenda kila mtu njia yake. Tuseme marehemu ni Mwislamu aliyeacha mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja, na hakuna mrithi mwingine. Mke ana thumni, hisa 375. Zinabaki 2,625: kila mtoto wa kiume anapata 1,050 na binti 525. Mmoja wa wale wavulana akiuza zake, familia inabaki na 1,950, yaani asilimia 19.5, na uwezo wa kuzuia azimio maalumu umekwenda. Dawa ni kuzimiliki kwa pamoja, majina yote yakiandikwa kwenye cheti kimoja (mbele ya sheria wanahesabiwa kama mwanahisa mmoja katika kile kikomo cha 50), au kuandikiana mkataba wa kifamilia wa kupiga kura pamoja na kuuziana wenyewe kwanza. Mkataba huo uandikwe wakati bado mnakula sahani moja.

Kasoro yake inauma zaidi. Katika kampuni nyingi za watu wachache, pesa iliyokuwa ikimlisha marehemu haikutoka kwenye gawio hata kidogo. Ilikuwa mshahara wa ukurugenzi, posho, gari, mafuta, ada za shule zilizolipwa na kampuni. Vyote hivyo vilikuwa vyake kama mfanyakazi au mkurugenzi, navyo vimekoma siku aliyofariki. Kurithi hisa si kurithi cheo. Kama kampuni haijawahi kutangaza gawio na wakurugenzi waliobaki wanaendelea kujilipa mishahara minono, familia inaweza kuwa na asilimia 30 ya kampuni yenye faida na isione shilingi. Kabla ya kuamua, tafuta hesabu za miaka mitano na uangalie mistari miwili tu kwanza: malipo ya wakurugenzi na gawio lililotangazwa.

Angalia na mstari wa tatu, mikopo ya wakurugenzi kwa kampuni. Waanzilishi wengi waliingiza fedha zao binafsi kama mkopo usio na riba. Kama marehemu aliikopesha kampuni milioni 80, hizo ni deni ambalo kampuni inapaswa kuilipa mirathi, hata kama bodi inakataa kumwandikisha mtu. Haliguswi na vizuizi vya hisa. Nimeona familia zikipigania hisa kwa nguvu zote na kuliacha deni hilo likisahaulika kwenye mizania.

Njia ya pili: kuwauzia waliobaki

Katiba nyingi zinawapa wanahisa waliobaki haki ya kwanza ya kununua. Msimamizi anapeleka notisi, wenzake wana muda fulani wa kukubali kwa uwiano wa hisa zao, wakishindwa ndipo mtu wa nje anafikiriwa. Kwa mirathi yenye wajane, watoto wa shule na madeni ya hospitali, fedha taslimu zina utamu wake, na mimi siidharau njia hii. Lakini thamani yake yote imo kwenye sentensi moja: ile inayosema bei inapatikanaje.

Chukua kampuni yetu. Tuseme mali zake ukitoa madeni ni shilingi bilioni 2 za Tanzania, na kila hisa ilitolewa kwa thamani ya karatasini ya shilingi 1,000. Katiba ikisema bei ni thamani ya karatasini, hisa 3,000 zinalipwa milioni 3. Ikisema ni thamani ya mali halisi, kila hisa ni 200,000 na mirathi inapata milioni 600. Ikisema ni bei ya haki itakayopangwa na mkaguzi wa hesabu, mkaguzi anaweza kusema kwamba asilimia 30 haina uamuzi ndani ya kampuni na kupunguza, tuseme, theluthi moja. Mirathi inapata milioni 400. Familia ni ile ile na mabasi ni yale yale. Kati ya milioni 3 na milioni 600 kuna sentensi moja tu.

Kwa hiyo uliza maswali haya kabla ya kutia saini popote. Nani anapanga bei: bodi, mkaguzi wa kampuni, au mthamini wa nje anayekubaliwa na pande zote? Mkaguzi wa kampuni amezoea kulipwa na hao hao wanaonunua, na hata akiwa mwaminifu kabisa, familia haitamwamini. Thamani inahesabiwa kwa tarehe ipi, ya kifo au ya mauzo? Kwa kampuni yenye viwanja vilivyonunuliwa miaka ya 1990 na bado vimeandikwa kwa bei ya wakati ule, je, vitathaminiwa upya? Na kile kipunguzo cha uchache, yaani cha hisa zisizo na uamuzi, kinaruhusiwa? Kama katiba iko kimya, jadilianeni kisiwepo, kwa hoja nyepesi tu: wanunuzi ni wanahisa wenzake, na hisa hizo zikiwafikia wao zinaongeza uamuzi wao.

Kuna mtego mwingine ambao wauzaji huusahau: dhamana binafsi. Marehemu huenda aliidhamini kampuni benki kwa jina lake, au aliweka hati ya nyumba ya familia. Kuuza hisa hakufuti dhamana. Familia inaweza kupokea fedha za hisa leo, na miaka miwili baadaye benki ikabisha hodi kwenye nyumba ileile kwa deni la kampuni ambayo familia haina tena hisa hata moja ndani yake. Mkataba wa mauzo uweke sharti kwamba benki itoe barua ya kuiachia dhamana kabla ya hisa kuhamishwa. Ahadi ya mdomo ya "tutashughulikia" haitoshi, hata itoke kwa mtu aliyelia sana msibani.

Upande wa kodi, Kenya mauzo ya hisa zisizo sokoni yana ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023. Tanzania, andaa uthibitisho wa kodi kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kuingia kwenye mfumo wa BRELA, na kama hisa zinazouzwa ni zaidi ya nusu ya kampuni, mshauri wa kodi aonekane kabla ya mkataba kusainiwa, kwa sababu Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inayaangalia kwa jicho la pekee mabadiliko ya umiliki yanayovuka asilimia 50.

Wakati mwingine waliobaki hawana fedha, na kampuni yenyewe inataka kununua hisa zake. Sheria za nchi zote mbili zinaruhusu kwa masharti, kubwa likiwa kwamba fedha zitoke kwenye faida inayoweza kugawanywa au kwenye mauzo ya hisa mpya. Si jambo la kufanya kwa hundi moja na kupeana mikono.

Njia ya tatu: ziache kwa msimamizi kwa muda

Njia hii haizungumzwi sana, na kwa familia iliyo katikati ya majonzi mara nyingi ndiyo ya busara. Katiba zikiandika "mwanahisa anayetaka kuhamisha hisa zake atawapa kwanza wenzake", kuna swali: je, msimamizi aliyetulia tu anataka kuhamisha? Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya benki iliyokuwa msimamizi wa wosia na tayari imeandikishwa kuwa mwenye hisa. Warithi walitaka iendelee kuzishika kwa niaba yao. Mwanahisa mwingine akadai haki ya kwanza ya kununua imeshaamka. Mahakama ikasema hapana: jina kwenye daftari halijabadilika, hakuna anayehamisha chochote.

Funzo lake linategemea maneno ya katiba yenu. Ikiwa imeandikwa kwamba kifo chenyewe kinahesabiwa kuwa notisi ya kuuza, njia hii haipo kabisa, na mazungumzo yote ni ya bei. Ikiwa haisemi hivyo, msimamizi ana nafasi ya kupumua, kukusanya hesabu, kutafuta mthamini, kusubiri binti amalize chuo na aseme kama anataka kuingia kwenye biashara ya baba yake.

Muda huo una mipaka. Katika Mahakama ya Mwanzo Tanzania, msimamizi anatakiwa kuwasilisha Fomu Na. V, ya mali na madeni, ndani ya miezi 4, kisha Fomu Na. VI, ya hesabu za mirathi, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, orodha ya mali inawasilishwa ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Mahakama inaweza kuongeza muda ukiomba kwa sababu za maana, kwa hiyo omba mapema badala ya kungoja kuitwa.

Kenya mambo yanakwenda tofauti, na kwa mjane yana uzito. Chini ya Sheria ya Urithi, marehemu asiye na wosia akiacha mke au mume na watoto, mwenzi anapata vitu vya nyumbani moja kwa moja, na kwa mali iliyobaki anapata haki ya kuinufaikia maisha yake yote, kisha inakwenda kwa watoto. Kwa hisa maana yake ni kwamba gawio ni la mama, hisa zenyewe ni za watoto baadaye. Hapo kuzishika kwa niaba yao ndiyo sura ya kawaida ya mirathi, na mahakama inateua wasimamizi wasiopungua wawili pale amana ya namna hiyo inapozaliwa, isipokuwa kazi ikipewa Mdhamini wa Umma au kampuni ya udhamini. Waislamu wa Kenya wanafuata sheria ya Kiislamu katika mgao. Na kwa kila mtu huko: usiguse wala kuuza hisa kabla ya kupata hati ya mahakama, maana kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Kuandikishwa | Kuuza | Kumwachia msimamizi |
|---|---|---|---|
| Kura | Ndiyo, bodi ikikubali | Hakuna tena | Hakuna, ila akiwa ameandikishwa |
| Fedha | Gawio likitangazwa | Mara moja au kwa awamu | Gawio likitangazwa |
| Anayeweza kukwamisha | Bodi | Sentensi ya bei | Tarehe za mahakama, na notisi ya bodi |
| Hatari inayosahaulika | Kampuni isiyotoa gawio | Dhamana ya benki | Msimamizi kujisahau |

Mimi ningeamua hivi. Kama kampuni imekuwa ikitoa gawio kila mwaka na familia inavuka robo ya kura, ingieni, na mshikamane. Kama haitoi gawio, hakuna wa kwenu mwenye nia ya kufanya kazi pale, na bei inapangwa na mthamini wa nje, uzeni. Hesabu ni rahisi: kampuni ikitoa gawio la milioni 50 kwa mwaka, asilimia 30 yenu ni milioni 15. Mkiuza kwa milioni 400 na kuziweka mahali panapowapa asilimia 8 tu, mnapata milioni 32, na hakuna wa kumwomba mkutano. Lakini kama bei ya katiba ni ile ya karatasini, msiuze hata mkibembelezwa vipi. Bakini na msimamizi, ombeni hesabu, na mtafute mwanasheria.

Mwanasheria huyo ana silaha moja nzuri. Sheria za Tanzania na Kenya zinamruhusu mwanahisa anayeonewa katika uendeshaji wa kampuni kwenda mahakamani, na zinamhesabu pia mtu ambaye hisa zimempitia kwa nguvu ya sheria hata kama hajaandikishwa. Kenya ni kuanzia kifungu cha 780 cha Sheria ya Makampuni. Mahakama inaweza kuamuru waliobaki wanunue hisa kwa bei ya haki. Bodi inayojua kwamba mjane analijua hilo huongea kwa sauti nyingine.

Kwa walio hai na wana hisa leo

Haya yote yanapungua nusu yake kama waanzilishi watakaa saa mbili kuandika vifungu vyao kwa akili. Kampuni ya watu wasio na undugu, wanaotegemea ujuzi wa kila mmoja, inafaa iwe na kifungu cha lazima cha kununua hisa mtu akifariki, lakini chenye mthamini wa nje, bei isiyo na kipunguzo cha uchache, malipo ya awamu zisizozidi miaka michache, na bima ya maisha ya kila mbia ili fedha ziwepo siku hiyo. Kampuni ya familia inafaa iruhusu hisa zipite kwa mke, mume na watoto bila ruhusa ya bodi, na kizuizi kibaki kwa watu wa nje tu. Kifungu cha "hiari kamili" peke yake, bila namna ya kupanga bei, ndicho kibaya kuliko vyote, maana kinamzuia mrithi kuingia na hakimwonyeshi pa kutokea.

Mwenye kampuni ya peke yake nchini Kenya, ambako sheria inaruhusu mwanahisa mmoja aliye pia mkurugenzi pekee, ana jambo la haraka zaidi. Akifariki, hakuna bodi ya kumwandikisha msimamizi wala mtu wa kusaini hundi ya mishahara. Aongeze kwenye katiba kifungu kinachompa msimamizi wa mirathi mamlaka ya kuteua mkurugenzi, au ateue mkurugenzi wa pili sasa hivi, na amwonyeshe mtu mmoja nyumbani mahali katiba, cheti cha hisa na daftari la wanahisa vilipo.